Vita vya nje vinaamua uchaguzi wa Marekani kweli, au ni ngoma ya kampeni tu?

#1 Mchungulia Dunia
Wakuu, salaam.

Naleta hoja, nipingeni kwa mifano na si kwa matusi. Kila uchaguzi wa Marekani ukikuta kuna vita nje, vyama viwili vinararuana juu ya vita hivyo. Mmoja anaitwa mwoga, mwingine anaitwa mchochezi. 1968 ilikuwa Vietnam, 2004 Iraq, 2024 Ukraine na Gaza. Ukisikiliza mikutano yao utadhani wananchi wanachagua jenerali.

Mimi nasema vita vya nje haviamui kura. Kinachoamua ni mfuko. Shahidi wangu ni Bush mzee. Machi 1991, baada ya kuifukuza Iraq kutoka Kuwait, kura ya maoni ya Gallup ilionesha asilimia 89 wanaridhika na kazi yake. Novemba 1992 akaambulia asilimia 37 ya kura, Clinton 43, mgombea huru Perot karibu 19. Vita alishinda, kiti akapoteza, kwa sababu watu walikuwa wanatafuta kazi na hawazioni.

Kama ushindi mkubwa kiasi kile haukumbeba mwenye ushindi hata miaka miwili, haya mengine ni kelele. Anayepinga alete uchaguzi mmoja ambao vita peke yake vilimpa mtu kiti au vilimnyang'anya.

#2 Hoja Nzito
Mwamba ngoma huvutia kwake. Umeanza na mfano unaokufaa.

Twende 1968. Rais Johnson, Mdemokrat, alishinda 1964 kwa kura za wajumbe wa majimbo, ndio wanaomchagua rais, 486 dhidi ya 52 za Goldwater wa Republican. Miaka minne baadaye hakugombea kabisa. Na usiniambie mfuko, kwa sababu ukosefu wa ajira mwaka 1968 ulikuwa chini ya asilimia 4. Kilichomtoa ni Vietnam. Januari mashambulizi makubwa ya wakomunisti wa Vietnam yaitwayo Tet, Machi seneta McCarthy wa chama chake akamshinda kwenye mchujo wa New Hampshire, yaani kura ya chama kumpata mgombea, tarehe 31 Machi akatangaza kwenye televisheni kwamba hatagombea. Huo hapo uchaguzi mmoja uliouomba.

#3 Baharia Mstaafu
Hoja Nzito, rekebisha kidogo. McCarthy hakushinda New Hampshire. Johnson alipata karibu asilimia 49, McCarthy 42. Na Johnson jina lake halikuwamo hata kwenye karatasi, watu waliliandika kwa mkono. Kilichowashtua Wademokrat ni kwamba rais aliye madarakani anakaribiwa kiasi kile na seneta asiye na jina kubwa.

#4 Hoja Nzito
Iwe hivyo Baharia, hoja iko palepale. Rais aliyepata 486 aliogopa chama chake mwenyewe kwa sababu ya vita.

#5 Mchungulia Dunia
Kuna pia afya. Johnson alishapata shambulio la moyo 1955, na alifariki Januari 1973, siku mbili tu baada ya tarehe ambayo muhula huo ungekwisha. Wasaidizi wake wameeleza kwamba suala la kuondoka lilikuwa mezani kabla ya Tet. Huwezi kuipa Vietnam mzigo wote.

#6 Zuhura T
Mchungulia, ukimwondoa Johnson kwa moyo, Truman utamwondoa kwa nini? Yeye 1952 alishindwa kabisa na seneta Kefauver kwenye mchujo wa New Hampshire, na tarehe 29 Machi akatangaza hagombei. Korea ilikuwa imekwama, mwaka uliotangulia alikuwa amemfukuza MacArthur, jenerali aliyeongoza vita hivyo, na Gallup mapema 1952 ilimpa asilimia 22. Halafu Eisenhower, mgombea wa Republican, anasimama Detroit mwezi Oktoba anasema akichaguliwa atakwenda Korea. Hakusema akifika atafanya nini. Sentensi moja tu, ya mtu aliyeongoza majeshi Ulaya, na ikatosha. Akapata wajumbe 442, Mdemokrat Stevenson 89. Desemba akaenda kweli, na Julai 1953 silaha zikawekwa chini.

Marais wawili, mwezi uleule wa Machi, wote Wademokrat, wote wenye vita visivyokwisha barani Asia. Hiyo ni bahati mbaya ya mfuko?

#7 Kalamu Kavu
Na rushwa ndani ya serikali ya Truman? Na chama kimoja kukaa Ikulu miaka 20 mfululizo? Watu walikuwa wamechoka.

#8 Zuhura T
Kaulimbiu ya Warepublican mwaka ule ilikuwa Korea, ukomunisti na rushwa. Korea ndiyo waliyoiweka mbele. Wenyewe walijua kinachouma.

#9 Mpenda Hesabu
Naomba niingie na upande ambao hamjaugusa. Mnajadili kama vita vinabadilisha kura za watu. Je, si kura ndizo zinazobadilisha maoni ya watu kuhusu vita?

Chukua Syria. 2013, wakati wa Obama, Washington Post na ABC waliuliza wananchi kuhusu kuishambulia Syria kwa makombora kwa sababu ya silaha za kemikali. Warepublican waliounga mkono walikuwa asilimia 22. 2017 Trump akashambulia, wakaulizwa tena: asilimia 86. Syria ileile, Assad yuleyule, sababu ileile. Wademokrat walikuwa 38, wakawa 37.

Kwa hiyo mtu haangalii vita ndipo achague chama. Anaangalia nani yuko Ikulu, kisha anajua afikirie nini kuhusu vita.

#10 Mlinzi wa Mipaka
Hapo umewapiga Warepublican peke yao na mimi sikubali. 2013 swali lilihusu jambo ambalo halijatokea, 2017 liliulizwa baada ya makombora kurushwa. Watu huunga mkono zaidi kitu kilichokwisha kufanyika bila askari wao kufa.

Na Wademokrat nao wamo. Januari 1991, kura ya vita vya Ghuba kwenye Seneti ilikuwa 52 kwa 47, na Wademokrat waliosema ndiyo walikuwa 10 tu. Miaka minane baadaye, rais akiwa wao, walisimama nyuma ya mabomu ya Kosovo.

#11 Mpenda Hesabu
Sahihi, na Kosovo inakamilisha hoja yangu. Aprili 1999 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuidhinisha mashambulizi ya anga, ikatoka 213 kwa 213. Sare. Warepublican wengi, waliokuwa wakali wa vita 1991, walikataa vita vya Clinton. Pande zote mbili.

#12 Baharia Mstaafu
Na kati ya wale maseneta 10 wa 1991 alikuwamo Al Gore. Clinton alipotafuta mgombea mwenza mwaka uliofuata alimchukua huyohuyo. Mchungulia anasema vita havihusiki, lakini Clinton hakutaka kuingia ulingoni bila mtu aliyesema ndiyo kwa vita vilivyoshinda.

#13 Mchungulia Dunia
Hiyo ni kinga, Baharia. Kinga si sababu ya ushindi.

#14 Mlinzi wa Mipaka
Nirudi kwa Mpenda Hesabu. Anasema wapiga kura wanafuata chama tu. Mbona 2016 wapiga kura wa Republican waliasi? Februari, kwenye mdahalo wa South Carolina, jimbo lililojaa wanajeshi na wastaafu wao, Trump alimwambia Jeb Bush, mdogo wake rais aliyeanzisha vita vya Iraq, mbele ya ukumbi uliokuwa unazomea kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa. Wachambuzi wakasema amejimaliza. Wiki moja baadaye akashinda jimbo hilo, na usiku huohuo Jeb akajitoa.

Watu wa kawaida wa chama kile ndio waliopeleka watoto Iraq. Walikuwa wanasubiri mtu wa upande wao aliseme. Mkiwaita vigeugeu mnawakosea.

#15 Zuhura T
Mlinzi leo umenena jambo nitakalolitumia dhidi yako 😂. Angalia vizuri: South Carolina ilikuwa mchujo. 2008 ilikuwa vilevile. Obama alisimama Chicago Oktoba 2002 akapinga vita vya Iraq, Hillary Clinton mwezi huohuo akapiga kura ya ndiyo Seneti, na miaka sita baadaye kura ile ikamfuata kila jimbo. Bila kura ile sioni Obama angepata wapi nafasi ya kuanzia. Lakini kufikia Novemba 2008 benki zilishaanguka na mjadala ukahamia huko.

Kwa hiyo labda vita huamua nani atakuwa mgombea, na mfuko huamua nani atakuwa rais. Johnson, Truman, Hillary, Jeb: wote waliumizwa ndani ya vyama vyao.

#16 Kalamu Kavu
Hii ya Zuhura naiunga mkono hoja, asante. Vita hupasua chama kabla ya kupasua nchi.

Ongeza Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza. Kila mtu husema vita vya visiwa vya Falklands dhidi ya Argentina 1982 vilimpa ushindi wa Juni 1983, wingi wa viti 144. Wanasahau kwamba chama cha upinzani, Labour, walishagawanyika tangu 1981, chama kipya cha SDP kikatoka humo, kura za upinzani zikakatwa vipande viwili. Kuzigawa hizo sababu sijaona aliyefanikiwa.

#17 Nesi wa Zamu
Nimewasoma tangu #1. Mimi naishi Michigan na ni mpiga kura huko, niseme nilichokiona.

Februari 2024 kwenye mchujo wa Wademokrat watu zaidi ya 100,000 waliweka alama kwenye kisanduku cha "sina upande" ili kumwonya Biden kuhusu Gaza. Asilimia 13. Msimu wa kampeni nikajitolea kugonga milango, nikapangiwa mitaa ya Dearborn. Wengi pale asili yao ni kusini mwa Lebanon, na mwezi Oktoba vita vilishahamia huko pia.

Kuna mzee mmoja alinifungulia, akaniacha nimalize maneno yangu yote ya bima ya afya. Hakunikatiza. Kisha akatoa simu akanionesha nyumba ya ghorofa mbili yenye mzabibu mlangoni, akasogeza kidole, akanionesha kifusi. Mzabibu ulikuwa bado unaonekana pembeni. Akaniambia: "Dada, mimi ni Mdemokrat tangu nipate uraia. Nitapiga kura za bodi ya shule, za jaji, za seneta. Ya juu kabisa naiacha wazi." Akanishukuru na kufunga mlango taratibu.

Sasa mniambie huyu naye ni mfuko?

Matokeo ya mji wa Dearborn: Trump asilimia 42, Harris 36, Jill Stein wa chama cha Green 18. Miaka minne kabla Biden aliuchukua mji huo kwa wingi mkubwa.

#18 Mchungulia Dunia
Pole dada, na asante kwa kutuletea. Simkatalii mzee yule. Nakataa hesabu. Trump alishinda majimbo yote saba ya ushindani, 312 kwa 226. Michigan ina wajumbe 15. Mpe Harris Michigan yote, Trump anabaki na 297, bado ni rais. Pennsylvania, Georgia, Nevada, Arizona, huko kote watu walilalamikia bei za vyakula.

#19 Nesi wa Zamu
Unahesabu waliobadilisha upande tu, kaka. Wale vijana waliogonga milango na sisi 2020 na 2024 hawakutokea, utawaweka safu gani ya hesabu? Kwenye kundi letu la kujitolea nafasi zilikuwa wazi hadi wiki ya mwisho. Mtu akikaa nyumbani hajaandika kwenye karatasi kwamba nimekaa kwa sababu ya Gaza.

Na kampeni yenyewe ilifanya uamuzi. Oktoba Harris alizunguka na Liz Cheney, Michigan ikiwemo, kutafuta Warepublican wa wastani. Dearborn jina la Cheney ni Iraq, kwa sababu baba yake alikuwa makamu wa rais wa Bush wakati wa vita vile. Trump akalidaka hilo, akafika mwenyewe Dearborn siku chache kabla ya kura na kuahidi amani.

#20 Hoja Nzito
Ahadi za amani kabla ya kura! Tuziangalie basi.

1916 Wilson aligombea kwa kaulimbiu kwamba ametuepusha na vita. Aprili 1917 akaliomba Bunge litangaze vita, likatangaza. 1940 Roosevelt, Boston, siku chache kabla ya kura, aliwaahidi kina mama kwamba watoto wao hawatapelekwa kwenye vita vya nje. Desemba 1941 wakaingia. 1964 Johnson alisema Akron kwamba hatapeleka vijana wa Marekani maili elfu tisa au kumi kufanya kazi ya vijana wa Asia. Machi 1965 wanamaji wakashuka Da Nang. 2024 Trump alisema vita vya Ukraine angevimaliza ndani ya saa 24.

Kama vita havina kura, hawa wote walikuwa wanamdanganya nani na kwa faida gani?

#21 Mlinzi wa Mipaka
Roosevelt usimweke humo. Pearl Harbor ilishambuliwa, hakwenda kuitafuta.

#22 Hoja Nzito
Ilishambuliwa, kweli. Lakini Septemba 1940 alishawapa Waingereza meli 50 za kivita, na Oktoba vijana walishaanza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Kina mama wa Boston walikuwa na sababu ya kuuliza.

#23 Kibiriti
Na mbaya kuliko zote ni 1964. Johnson anaahidi amani huku anarusha lile tangazo la mtoto anayehesabu petali za ua, halafu bomu la nyuklia linalipuka. Lilirushwa wiki nzima mpaka Goldwater akamalizika.

#24 Baharia Mstaafu
Lililipiwa mara moja tu, Kibiriti, tarehe 7 Septemba 1964. Taarifa za habari ndizo zilizolirudia bure. Na mwezi mmoja kabla, Azimio la Tonkin, lililompa Johnson ruhusa ya kupigana Vietnam, lilipita Baraza la Wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Wawili waliokataa, Morse na Gruening, wote ni Wademokrat, na wote walipoteza viti 1968. Kusema kweli mapema hakukuwalipa.

#25 Kibiriti
Baharia wewe ulikuwepo Seneti? 😀 Haya, nisaidie na rais Carter. Wale Wamarekani waliotekwa Iran si waliachiwa siku ya uchaguzi wa 1980?

#26 Baharia Mstaafu
Uchaguzi wa tarehe 4 Novemba 1980 uliangukia siku waliyotimiza mwaka mzima kifungoni. Waliachiwa 20 Januari 1981, siku Reagan anaapishwa, baada ya siku 444. Mateka 52. Jaribio la kuwaokoa Aprili 1980 liliishia jangwani, wanajeshi wanane wakafa. Televisheni zilihesabu siku kila usiku.

#27 Mchungulia Dunia
Na mwaka huohuo mfumuko wa bei ulipita asilimia 13. Ahsante Baharia, umenirudishia mpira. Swali maarufu la Reagan kwenye mdahalo wa mwisho lilikuwa kama wananchi wana hali bora kuliko miaka minne iliyopita. Aliwauliza kuhusu madukani kwanza.

#28 Zuhura T
Na kwenye swali hilohilo, mkuu, akaendelea kuuliza kama Marekani inaheshimiwa duniani kama zamani. Usimkate katikati.

#29 Kibiriti
Lakini si watu wa Reagan walikula njama na Iran mateka wacheleweshwe?

#30 Kalamu Kavu
Hilo tuhuma ipo tangu zamani. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza ilisema 1993 kwamba haikuona ushahidi wa kuaminika. 2023 Ben Barnes, mwanasiasa wa Texas, alieleza safari ya Mashariki ya Kati aliyoifanya 1980 na John Connally, gavana wa zamani wa Texas, ili ujumbe uifikie Iran mateka wasiachiwe kabla ya kura, na mambo yakafufuka upya. Halijafungwa.

Lenye ushahidi mzito ni la 1968. Johnson alisimamisha mabomu 31 Oktoba ili mazungumzo ya Paris yaende. Tarehe 2 Novemba Thieu, rais wa Vietnam Kusini, akasema hashiriki. Kumbe Anna Chennault, mchangishaji wa Republican, alikuwa anawasiliana na balozi wa Vietnam Kusini, ujumbe ukiwa ni kushikilia hadi baada ya kura. Johnson alijua kwa sababu FBI walikuwa wanasikiliza. Kuna mkanda wa simu anamwambia Dirksen, kiongozi wa Warepublican Seneti, kwamba huu ni uhaini. Maandishi ya Haldeman, msaidizi wa Nixon, yanaonesha Nixon mwenyewe aliagiza Chennault aendelee. Nixon alikana maisha yake yote.

Nixon alishinda kwa tofauti ya chini ya asilimia moja ya kura za wananchi. Hapo, Mchungulia, kila kitu kidogo ni kikubwa.

#31 Mlinzi wa Mipaka
Kusimamisha mabomu siku tano kabla ya kura nako hukuoni? Humphrey alikuwa anapanda kwenye kura za maoni. Pande zote mbili zilikuwa zinaichezea Vietnam.

#32 Kalamu Kavu
Naona. Lakini kufanya mazungumzo ya amani ni kazi ya rais. Kuyavunja kisirisiri si kazi ya mgombea. Watu walikufa miaka minne zaidi.

#33 Mdogo wa Koplo
Habari zenu. Kaka yangu alikuwa jeshi la Marekani, Iraq 2004. Mkataba wake wa jeshi ulikwisha akiwa kule, wakamzuia kuondoka chini ya utaratibu wao wa kuongeza muda kwa lazima. Kura yake ilikuja kwa posta. Nilidhani atamchagua Kerry, mgombea wa Democrat, kwa hasira. Akampigia Bush.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema Kerry alipiga kura ya ndiyo kwa vita Oktoba 2002, kisha fedha za kuviendesha, dola bilioni 87, akasema alizipigia kura kabla hajazipinga. "Bora anayekosea akiwa amesimama," ndivyo alivyosema. Sikukubaliana naye hata kidogo na bado sikubali. Lakini ndivyo askari wengi aliolala nao hema moja walivyoona. Hakuna aliyetaja mfuko.

#34 Hoja Nzito
Asante Mdogo wa Koplo, na kaka apewe heshima yake. Hapo tunapata jambo jingine: mtu hapimi vita, anapima mgombea kupitia vita. Kampeni ya Bush ilimtengenezea Kerry tangazo akiwa kwenye ubao wa matanga baharini, anageuka huku na huku na upepo. Hawakujibu kitu kuhusu Iraq. Walimfanya Kerry ndiye mjadala.

#35 Mwanafunzi wa Zamani
Mmekaa Marekani tu. Mimi Machi 2004 nilikuwa Madrid nasoma. Treni zililipuliwa asubuhi ya Alhamisi tarehe 11, watu zaidi ya 190 wakafa. Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Serikali ya Aznar ilikuwa imepeleka wanajeshi Iraq huku wananchi wengi wakipinga, na ikashikilia kwamba waliolipua ni ETA, kundi la Wabaski wanaotaka kujitenga.

Jumamosi jioni simu yangu ikaanza kulia. Ujumbe mfupi, tukutane makao makuu ya chama tawala mtaa wa Génova, bila vyama, tunataka ukweli, na mwisho neno "pásalo", mpelekee mwingine. Niliupokea kutoka kwa watu watatu ambao hawajuani. Tulikuta mtaa umejaa, watu wanagonga sufuria na kuuliza "nani kafanya?" Msichana niliyesimama naye hakuwa amejisumbua kupiga kura uchaguzi uliopita. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa kwenye foleni.

Waliojitokeza walipanda kutoka karibu asilimia 69 mwaka 2000 hadi karibu 76. Zapatero wa upinzani akashinda, akawarudisha wanajeshi 1,300 nyumbani. Na ahadi hiyo alikuwa ameitoa kabla ya mabomu.

#36 Nesi wa Zamu
Hayo ndiyo niliyokuwa nasema #19. Nani anatoka nyumbani na nani anabaki.

#37 Mchungulia Dunia
Madrid nakubali ni nzito. Ila pale kilichowatoa watu ni vita au ni serikali kuonekana inaficha? Wangesema ukweli Ijumaa, huenda wangeshinda.

#38 Mwanafunzi wa Zamani
Wangesema ukweli kwamba si ETA, ukweli wenyewe ulikuwa Iraq. Ndiyo sababu hawakuusema.

#39 Mpenda Hesabu
Tukiwa Ulaya, wekeni Ujerumani 2002. Kansela Schröder alikuwa nyuma kwenye kura za maoni. Agosti akakataa Ujerumani kuingia Iraq, na mwezi huohuo mto Elbe ukafurika, akavaa mabuti na koti la mvua akaenda kwenye mafuriko. Mwisho vyama viwili vikubwa vikapata asilimia 38.5 kila kimoja, tofauti kama kura 6,000 nchi nzima. Uchumi wake ulikuwa mbaya na bado akabaki. Kwa tofauti ndogo hivyo, Iraq ilitosha, na mafuriko pia yalitosha.

#40 Kalamu Kavu
Na Uingereza 2024, Labour wakishinda kwa kishindo, wagombea huru wanne walioipa Gaza kipaumbele walishinda viti, ukimwacha Corbyn, kiongozi wa zamani wa Labour aliyegombea peke yake. Jonathan Ashworth wa Labour akapoteza Leicester South. Mwenzake Wes Streeting akapona Ilford North kwa kura 528. Vita kilomita elfu kadhaa, waziri mtarajiwa anaponea tundu la sindano.

#41 Mlinzi wa Mipaka
Ndiyo maana mimi napinga watu kuleta vita vya asili yao kwenye kura ya nchi waliyohamia. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

#42 Nesi wa Zamu
Mlinzi, mabomu yananunuliwa kwa kodi ya yule mzee wa Dearborn. Anaila hiyo pilipili kila mwisho wa mwezi.

#43 Mdogo wa Koplo
👏👏 Dada amemaliza.

#44 Mlinzi wa Mipaka
Hajamaliza. Kwa hoja hiyohiyo, Warepublican 112 waliokataa fedha za Ukraine Aprili 2024 walikuwa wanatetea kodi za watu wao, na wapo wanaowaita vibaraka wa Urusi. Ilipita 311 kwa 112, dola karibu bilioni 61, Wademokrat hata mmoja hakusema hapana. Dada akubali na hilo.

#45 Nesi wa Zamu
Wana haki ya kuuliza kodi zinaenda wapi, nakubali bila shida. Waulize na za Israel basi. Siku hiyohiyo muswada wa Israel ulipita 366 kwa 58, na Warepublican waliokataa walikuwa 21 tu.

#46 Zuhura T
Mchungulia, kabla hujatukimbia nijibu 1916. Hughes, mpinzani wa Wilson, alikosa California kwa kura zisizofika 4,000, na California ndiyo ilimpa Wilson urais, 277 kwa 254. Utaniambia uchumi ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kwa sababu gani? Viwanda na mashamba ya Marekani yalikuwa yanauza kwa Waingereza na Wafaransa walio vitani. Sasa hiyo shilingi iliyokuwa mfukoni mwa mpiga kura utaiweka upande wa mfuko au upande wa vita?

#47 Mchungulia Dunia
Naiweka upande wa mfuko, kwa sababu asingekuwa nayo asingeuliza ilikotoka. Lakini nipe hadi kesho, nataka kuangalia kura za wanawake wa California. Walishapata haki ya kupiga kura tangu 1911, na wapo wanaosema hao ndio waliombeba Wilson.

#48 Zuhura T
Wanawake walimbeba kwa ajili ya amani, mkuu. Njoo nayo kesho, tuko hapa.